Kama Enver Hoxha Angeanguka Mwaka 1956

Tarehe 14 Aprili 1956 ulifunguliwa mjini Tirana, mji mkuu wa Albania, mkutano wa chama tawala uliotarajiwa kwenda kama yote iliyoutangulia: taarifa isomwe, makofi yapigwe, maazimio yapite, wajumbe warudi makwao. Safari hii mambo hayakwenda hivyo. Wajumbe walisimama mmoja baada ya mwingine wakahoji. Kwa nini mfanyakazi wa kawaida anaishi kwa kubangaiza wakati wakubwa wana maduka yao wenyewe? Kwa nini chama kimenyamaza kuhusu hotuba ya Nikita Khrushchev, aliyesimama Moscow mwezi Februari na kuyaanika makosa ya Stalin? Na wale wakuu wa zamani waliofukuzwa, kufungwa na kuuawa, kesi zao zitaangaliwa upya lini?

Kiongozi wa nchi, Enver Hoxha, hakuwepo ukumbini maswali yalipoanza. Aliyeketi meza kuu kwa niaba ya uongozi wa juu alikuwa Beqir Balluku, mwanajeshi, na maswali yale yalimzidi. Hoxha alirudi haraka, akaushika mkutano mwenyewe, na kabla wiki haijaisha waliohoji walikuwa wamekwisha kuitwa maadui wa chama. Wengine walifukuzwa, wengine wakafungwa, wengine wakapelekwa vijijini kukaa chini ya ulinzi, na wapo waliopoteza uhai.

Swali la mazungumzo haya ni moja: ingekuwaje kama wale wajumbe wangeshinda?

Msikilizaji anaweza kusema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli hayazoleki, lakini kuuliza yalimwagikaje ni jambo jingine. Nchi iliyoishi zaidi ya miaka 40 chini ya utawala mmoja huzoeshwa kuamini kwamba yaliyoipata hayakuwa na budi kuipata. Ukirudi nyuma kwa makini unaona palikuwa na njia panda, na palikuwa na watu waliotaka kushika njia nyingine. Ila kuna masharti mawili. La kwanza, badiliko tunalolifikiria liwe lile ambalo mtu fulani wakati ule alilijaribu kweli, au lililotokea kweli kwa jirani. La pili, tukishalibadilisha, tuhesabu hasara kama tunavyohesabu faida.

Kwanza nchi yenyewe. Albania ina kilomita za mraba 28,748, yaani inakaribiana na Burundi. Imekaa kwenye mwambao wa Bahari ya Adria, imepakana na Ugiriki upande wa kusini, na kwa upande wa kaskazini na mashariki imepakana na ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilikuwa Yugoslavia. Ng'ambo ya bahari ni Italia. Ilitangaza uhuru kutoka kwa Waturuki wa Osmani tarehe 28 Novemba 1912 mjini Vlorë, ikapata mfalme, Zog, mwaka 1928, na ikavamiwa na Italia ya Mussolini mwezi Aprili 1939. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha ilikuwa na watu milioni moja na ushei. Wengi wao hawakujua kusoma, na malaria iliwamaliza watu kwenye mabonde ya pwani.

Chama cha Kikomunisti kilizaliwa Novemba 1941, tena kwa msaada wa wajumbe wawili waliotumwa na chama cha Yugoslavia, Miladin Popović na Dušan Mugoša. Hoxha, mzaliwa wa Gjirokastër, alikuwa na miaka 33. Alikuwa amesoma Ufaransa bila kumaliza shahada, akafundisha Kifaransa mjini Korçë, na baadaye akaendesha duka la tumbaku Tirana, duka ambalo wanaharakati walilitumia kwa mikutano yao ya siri. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1944, wapiganaji wake waliingia Tirana. Jeshi la Kisovieti halikukanyaga Albania. Jambo hilo ni la kukumbuka, kwa sababu ndilo lililomwezesha Hoxha baadaye kuwagomea wakubwa: hakuna kikosi cha kigeni kilichomweka madarakani.

Njia panda ya kwanza ilipatikana kabla vita haijaisha. Mwanzoni mwa Agosti 1943, katika kijiji cha Mukje, wajumbe wa kambi ya wakomunisti na wa Balli Kombëtar, chama cha wazalendo wasiokuwa wakomunisti kilichoongozwa na Mid'hat Frashëri, walikubaliana kupigana bega kwa bega dhidi ya wavamizi. Upande wa wakomunisti ulikuwa na daktari Ymer Dishnica. Mapatano yale yaligusa pia suala la Kosovo, ambako Waalbania ndio wengi, na hapo Wayugoslavia walikuja juu. Hoxha akayakana mapatano, Dishnica akalaumiwa, na wapiganaji waliotaka kuungana wakageuziana bunduki. Sehemu kubwa ya Balli iliishia kushirikiana na Wajerumani.

Je, Mukje ingedumu, Albania ingekuwa nchi ya vyama vingi? Haielekei. Jirani Ugiriki nayo ilikuwa na makubaliano yake kati ya wakomunisti na wapinzani wao, na bado ilitumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1949. Mukje pengine ingeahirisha ugomvi tu. Faida yake moja ingekuwa ya wazi: ingewanyima washindi kisingizio cha kumwita kila asiyekuwa mkomunisti msaliti, kisingizio kilichotumiwa kuwahukumu wabunge, wasomi na makasisi kuanzia mwaka 1945.

Njia panda ya pili ni kubwa zaidi, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni mzaha wa historia. Kati ya mwaka 1946 na 1948 Albania ilikuwa ikielekea kumezwa na Yugoslavia. Palikuwa na mkataba wa urafiki, kisha muungano wa uchumi, kisha sarafu zikaunganishwa kwa thamani. Nako Spiru, aliyesimamia uchumi, alipinga masharti hayo, akabanwa na wenzake, akafa kwa risasi Novemba 1947. Aliyebaki na nguvu ni waziri wa mambo ya ndani Koçi Xoxe, fundi bati wa zamani na mtu wa Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia. Januari 1948 Stalin alimwambia Milovan Djilas, mjumbe wa kiongozi wa Yugoslavia, Tito, kwamba hana kinyongo Yugoslavia ikiimeza Albania. Wakati huohuo Tito alitaka kupeleka kikosi cha jeshi kusini mwa Albania. Siku za nchi hiyo zilikuwa zinahesabika.

Kilichoiokoa kilitoka nje. Stalin na Tito walikosana, na tarehe 28 Juni 1948 Yugoslavia ilitimuliwa katika umoja wa vyama vya kikomunisti. Siku chache baadaye Tirana ilivunja mikataba yake na Belgrade. Xoxe, aliyekuwa karibu kumng'oa Hoxha, aling'olewa yeye na kunyongwa Juni 1949.

Sasa tuseme ugomvi ule haukutokea. Albania inakuwa jamhuri ya saba ya Yugoslavia. Waalbania wa Tirana na wa Kosovo wanaishi ndani ya dola moja. Kuanzia miaka ya 1960 Mualbania, kama Mkroati au Mbosnia, anapata pasipoti na kwenda Ujerumani kufanya kazi viwandani, anatuma fedha nyumbani, anarudi likizo na redio mpya. Kwa watu ambao katika historia halisi walipigwa risasi mpakani wakijaribu kutoroka, hiyo si faida ndogo. Lakini sharti letu la pili linadai hesabu kamili. Mwaka 1991 Yugoslavia ilianza kuvunjika. Bosnia iliungua kuanzia 1992 hadi 1995, Kosovo mwaka 1998 na 1999. Jamhuri kubwa ya Waalbania katikati ya moto ule ingekuwa uwanja wa vita, na pengine ndio uwanja mbaya kuliko wote. Katika historia halisi, Albania masikini ndiyo iliyowapokea zaidi ya wakimbizi 400,000 wa Kosovo mwaka 1999. Kama nayo ingekuwa inaungua, wale watu wangekimbilia wapi? Kwa hiyo mwaka 1948 haukuwa mlango wa peponi. Ungewapa Waalbania miaka 30 ya nafuu, na pengine kuwadai malipo makubwa baadaye.

Tunarudi mwaka 1956, maana hapa ndipo penye uzito.

Mtu anayesema Hoxha hangeweza kung'oka mwaka ule ajibu kwanza yaliyotokea kwa majirani. Mwezi uleule wa Aprili, huko Bulgaria, Valko Chervenkov, aliyeitwa Stalin mdogo wa nchi yake, aliupoteza uwaziri mkuu. Julai, Mátyás Rákosi wa Hungaria alimwaga unga. Oktoba, Poland ilimrudisha madarakani Władysław Gomułka, aliyekuwa amefungwa na chama chake mwenyewe. Upepo ulikuwa mmoja, na ulivuma kote. Albania ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Warsaw tangu mwaka 1955, na ilikula kwa mkopo wa Moscow. Kwa mantiki ya wakati ule, jambo la kushangaza si kwamba wajumbe wa Tirana walithubutu kuuliza. La kushangaza ni kwamba Hoxha alipona.

Alipona kwa sababu tatu. Ya kwanza ni polisi wa siri, Sigurimi, waliokuwa mikononi mwa watu wake. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa Kadri Hazbiu. Ya pili, mwaka 1955 alikuwa amekwisha kuwaondoa wakuu wawili wenye hadhi ya kumpinga, Tuk Jakova na Bedri Spahiu, hata mkutano ulipowaka moto hapakuwa na mtu wa kuushika na kuupa kichwa. Ya tatu ilikuja Novemba, vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest. Hoxha akapata la kusema: mnaona wanaolegeza kamba yanawafika nini? Mwezi huohuo Liri Gega, aliyekuwa katika uongozi wa juu wakati wa vita, na mumewe, jenerali Dali Ndreu, waliuawa kwa kupigwa risasi.

Haifai kuwapamba wale ambao wangechukua nafasi yake. Spahiu mwenyewe ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka katika kesi za kisiasa za mwaka 1945. Mikono yake haikuwa safi. Albania bila Hoxha ingebaki nchi ya chama kimoja, yenye magazeti ya chama, uchaguzi wa mgombea mmoja na polisi wa siri. Ingefanana na Bulgaria. Na katika neno hilo, kufanana na Bulgaria, ndimo yamo maelfu ya maisha ya watu.

Chukua mfano mmoja. Mwaka 1967 Hoxha alipiga marufuku dini zote. Misikiti, makanisa na nyumba za masufi wa Bektashi, zaidi ya 2,000, zilifungwa, zikabomolewa au zikageuzwa maghala, sinema na kumbi. Kanisa kuu la Wakatoliki mjini Shkodër likawa ukumbi wa michezo. Katiba ya mwaka 1976 ikaandika kwamba dola haitambui dini yoyote. Kasisi Shtjefën Kurti, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kumbatiza mtoto mchanga kwa siri. Bulgaria ya kikomunisti iliwabana waumini, iliwaonea hasa Waislamu wake, lakini milango ya misikiti na makanisa haikufungwa yote kwa amri ya siku moja. Mama Teresa, Mualbania mzaliwa wa Skopje, alikuwa na mama yake na dada yake Tirana. Aliomba kwa miaka mingi kuwaona, akanyimwa. Mama alifariki mwaka 1972, dada mwaka 1973. Yeye alikanyaga Albania mwaka 1989, akaenda makaburini. Serikali ya chama kimoja ya kawaida ya Ulaya Mashariki ingempa viza ya wiki moja.

Mfano wa pili ni zege. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 nchi ile ndogo ilikuwa imejengewa zaidi ya mahandaki 170,000 ya zege na chuma, mengi yao ya kichwa cha mviringo, yenye tundu la bunduki. Yaliwekwa ufukweni, mashambani, makaburini, katikati ya mizabibu. Adui wa kuyapiga hakuja. Saruji ile ilikuwa nyumba, barabara na mifereji ambayo Waalbania hawakujengewa. Na yule Balluku wa meza kuu ya mwaka 1956, aliyekuwa waziri wa ulinzi, alipotofautiana na Hoxha kuhusu namna ya kuilinda nchi aliuawa mwaka 1975. Hazbiu wa polisi naye aliuawa mwaka 1983. Waliomlinda Hoxha dhidi ya wajumbe wa mwaka 1956 nao hawakusalimika.

Nchi iliyobaki ndani ya kambi ya Kisovieti isingejenga mahandaki yale, kwa kuwa isingekuwa na ugomvi na kila jirani kwa wakati mmoja. Ugomvi ndio uliofuata. Mwaka 1960 Khrushchev na China walipoanza kuvutana, Hoxha alikwenda Moscow mwezi Novemba akamshambulia Khrushchev mbele ya wajumbe wa vyama 81. Liri Belishova, mmoja wa wakuu wa chama, aliyeona hatari ya kuikata kamba ya Moscow, alikuwa amekwisha kutimuliwa miezi miwili kabla, na akaishi uhamishoni ndani ya nchi yake kwa miaka karibu 30. Katikati ya mwaka 1961 manowari za Kisovieti ziliondoka ghuba ya Vlorë na nyambizi nane, nne zikabaki mikononi mwa Waalbania. Desemba, uhusiano ukakatika kabisa. China ikawa mfadhili pekee.

Hapa ndipo historia ya Albania inapogusana na ya Afrika Mashariki. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2758 la kuipa Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Kura zilikuwa 76 za kuunga mkono, 35 za kupinga, na 17 hazikuegemea upande wowote. Azimio lile lilijulikana kwa jina la Albania, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolidhamini. Balozi wa Tanzania New York alikuwa Salim Ahmed Salim, na furaha ya ujumbe wake ukumbini iliwaudhi Wamarekani. Miaka 10 baadaye, alipowania Ukatibu Mkuu, Marekani ndiyo iliyomzuia kwa kura ya turufu. Wakati ule mafundi wa Kichina walikuwa wakitandika reli ya Tazara kuelekea Zambia, na wenzao walikuwa wakijenga viwanda Albania, kikiwamo kile kikubwa cha chuma cha Elbasan.

Nchi mbili masikini, zote zikihubiri ujamaa na kujitegemea, zote marafiki wa Beijing. Lakini Tanzania ilichukua reli kwa Mchina, misaada ya elimu na maji kwa nchi za Skandinavia, mikopo kwa Benki ya Dunia, na haikumfanya hata mmoja wao kuwa baba. Albania iliandika katika katiba yake ya mwaka 1976 kwamba ni marufuku kuchukua mikopo ya nje na kuruhusu makampuni ya kigeni. Miaka miwili baadaye, Julai 1978, China ilikata misaada. Tanzania wakati ule ilikuwa na matatizo yake mazito, ila ilikuwa na milango ya kugonga. Albania haikuwa na hata mmoja. Ujamaa haukuilazimisha kujifungia, wala urafiki na China haukuilazimisha. Ulikuwa uamuzi wa watu wachache waliokaa Tirana.

Njia panda ya tatu ilikuja kwa muziki, na kwa watu wa redio ina uchungu wa pekee. Desemba 1972 Redio na Televisheni ya Albania iliandaa tamasha la 11 la nyimbo. Mwongozaji Mihal Luarasi alibadilisha jukwaa, taa na mavazi, na waimbaji wakaimba kwa mtindo wa vijana uliofanana na ule waliokuwa wakiunasa kutoka stesheni za Italia. Watazamaji walifurahi. Wiki chache baadaye Hoxha alilitaja tamasha lile kama mlango wa ubepari, na katikati ya mwaka 1973 Kamati Kuu ikakaa kulihukumu. Mkuu wa redio na televisheni, Todi Lubonja, alifungwa. Luarasi alifungwa. Mwimbaji Sherif Merdani alitoka jukwaani na hatimaye akaingia gerezani kwa miaka mingi. Mwaka 1974 mtoto wa Lubonja, Fatos, kijana wa miaka 23, alikamatwa kwa sababu ya shajara aliyoiandika kwa faragha, ambamo alimkosoa Hoxha. Akiwa gerezani aliongezewa kifungo. Alitoka mwaka 1991, baada ya miaka 17, akawa mwandishi anayeheshimika.

Kama tamasha lile lingeachwa lipite, serikali isingeanguka. Wayugoslavia walicheza roki na chama chao kikabaki. Ila kizazi kizima cha wasanii kingefanya kazi yake, na nchi ingeingia miaka ya 1980 ikiwa na watu waliozoea kubishana bila kuogopana. Mfano wa hofu iliyobaki ni kifo cha Mehmet Shehu, waziri mkuu tangu mwaka 1954 na mshirika wa Hoxha kwa miaka 40. Mwaka 1981 mwanawe alimchumbia binti wa familia yenye ndugu waliochukuliwa kuwa maadui. Uchumba ukavunjwa, baba akalaumiwa, na usiku wa kuamkia tarehe 18 Desemba Shehu akafa kwa risasi chumbani kwake. Tangazo lilisema amejiua. Baadaye Hoxha akadai alikuwa jasusi wa nchi kadhaa kwa mpigo.

Watetezi wa Hoxha wapo hadi leo, na hoja zao zisikilizwe. Wanasema aliirithi nchi isiyo na reli wala chuo kikuu, akaiachia vyote viwili. Kisomo kilienea, mabwawa ya malaria yalikaushwa, umeme ulifika vijijini, wanawake waliingia shule na kazini. Yote hayo ni kweli. Swali ni kama yalihitaji magereza ya Spaç na Burrel. Bulgaria ilifuta ujinga bila kuwaua makasisi kwa ubatizo. Yugoslavia ilipeleka umeme vijijini na kuwapa watu wake pasipoti. Mafanikio yale yalikuwa ya zama zile, na sehemu kubwa yalilipiwa na Yugoslavia, Wasovieti na China, zamu kwa zamu. Alichokiongeza Hoxha peke yake ni kuta.

Bei ya kuta ililipwa baada ya yeye kufariki tarehe 11 Aprili 1985. Mrithi wake, Ramiz Alia, alilegeza taratibu mno. Julai 1990 maelfu ya watu waliruka kuta za balozi za kigeni mjini Tirana. Desemba wanafunzi walilazimisha vyama vingi. Februari 1991 sanamu ya Hoxha iliangushwa katika uwanja wa Skanderbeg. Agosti mwaka huohuo meli moja, Vlora, ilitia nanga Bari, Italia, ikiwa na watu takriban 20,000 waliojazana hadi juu ya milingoti. Na mwaka 1997, wananchi ambao serikali ya zamani haikuwaruhusu hata kumiliki gari binafsi walipoteza akiba zao katika upatu wa kitapeli uliomeza fedha zilizokaribia nusu ya pato la taifa. Ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000. Nchi nyingine za Ulaya Mashariki nazo zilikuwa na upatu na wizi, lakini hakuna iliyoporomoka namna ile. Watu waliofungiwa kwa miaka 40 walitolewa nje ghafla, bila mtu wa kuwaeleza jinsi benki inavyofanya kazi.

Kwa hiyo hukumu ya mazungumzo haya ni hii. Mukje pengine isingebadilisha mengi. Mwaka 1948 ungebadilisha mengi, mema na mabaya. Mwaka 1956 ndio uliokuwa mlango halisi: majirani waliupita, watu wa kuupita walikuwepo Tirana, na waliyoyadai hayakuwa makubwa. Walitaka viongozi waishi kama wananchi, na waliohukumiwa kwa uongo wasikilizwe upya. Kama wangesikilizwa, Albania isingekuwa na uhuru kamili, lakini ingekuwa na misikiti, makanisa, nyimbo na makaburi yanayojulikana yalipo.

Hilo la makaburi bado ni jambo la leo. Mwaka 2015 bunge la Albania lilipitisha sheria ya kufungua majalada ya Sigurimi, na raia wanaweza kuomba kusoma walichoandikiwa wao na wazazi wao. Watu wanaokadiriwa kufikia 6,000 waliouawa au kufia kizuizini bado mabaki yao hayajapatikana, na familia zao zinazeeka zikisubiri. Serikali ya Tirana inaomba kujiunga na Umoja wa Ulaya. Kabla ya kupokelewa huko, iwape watu hao mifupa ya wazazi wao.